Mkanda mweusi wa mtoto wa miaka tisa

Mama mmoja anayeishi Mwanza ameniandikia kuhusu mwanawe wa miaka 10, anayejifunza karate ya mtindo wa Shotokan kwa mwaka mmoja na miezi minne sasa, na ambaye amefikia mkanda wa rangi ya chungwa. Likizo iliyopita walitembelewa na binamu wa mtoto huyo kutoka Nairobi, mwenye miaka 9, mwanafunzi wa taekwondo, aliyekuja na mkanda mweusi na kushinda nao kiunoni siku tatu mfululizo. Tangu hapo kijana wa Mwanza amenyong'onyea. Mama anauliza kama mwanawe amechelewa, au kama mwalimu anamzuia makusudi ili aendelee kulipiwa ada. Anauliza pia rangi hizi zina maana gani hasa, na kama ni kweli kwamba mwenye mkanda mweusi hulazimika kujiandikisha polisi. Swali lake la mwisho ni kama mkanda unafuliwa, kwa kuwa mtoto ameshikilia kwamba ukifuliwa maarifa yanatoka na maji. Barua imeambatana na picha ya watoto hao wawili wakiwa wamesimama uani, kila mmoja na mkanda wake.

Mama, nianze na lile linalokukosesha usingizi. Mwanao hajachelewa. Mtoto aliye darasa la nne shuleni na mtoto aliyefika juzuu ya nne madrasa wote wako kwenye nne, lakini sijaona mzazi anayewapambanisha, kwa sababu kila mtu anajua kwamba nne hizo hazikuhesabiwa na mtu mmoja wala kwa kipimo kimoja. Mikanda ni vivyo hivyo. Mkanda ni kauli ya mwalimu kuhusu mwanafunzi wake, iliyotolewa ndani ya nyumba moja, kwa mujibu wa mtaala wa nyumba hiyo. Ukiutoa nje ya nyumba yake na kuufananisha na mkanda wa nyumba nyingine, unabaki na kitambaa. Sababu ya kuwa hivyo inaonekana vizuri mtu akijua mfumo wenyewe ulitoka wapi, na hapo ndipo nitakapokaa kidogo.

Watu wengi hudhani kwamba mikanda ni ya kale kama mapigano yenyewe. Sivyo. Aliyeanzisha mfumo huu ni Kanō Jigorō, Mjapani aliyezaliwa mwaka 1860, ambaye mwaka 1882 alifungua shule yake ya judo, Kodokan, ndani ya hekalu la Eishoji mjini Tokyo, katika ukumbi wa mikeka 12. Kabla yake, shule za kale za Japani zilikuwa na utaratibu mwingine kabisa: mwanafunzi alikaa na mwalimu miaka na miaka, na alipofikia kiwango fulani alikabidhiwa hati. Kulikuwa na hati ya orodha ya mbinu alizokwisha kufundishwa, kulikuwa na ile ya idhini, na ya juu kabisa iliyoitwa menkyo kaiden, iliyomaanisha kwamba hakuna alichofichwa na kwamba anaweza kufundisha kwa jina la shule. Aliyesoma kwa masheikh wa Lamu au Zanzibar hatahitaji maelezo marefu hapa, kwa maana hiyo haiko mbali na ijaza: mwalimu anathibitisha kwa maandishi kwamba fulani amesoma kwake kitu fulani, na uzito wa hati ni uzito wa aliyeitia saini.

Ubaya wa hati hizo ni kwamba zilikuwa chache na zilikaa mbalimbali. Mtu aliweza kufanya mazoezi miaka mingi bila kujua amefika wapi. Kanō alikuwa mwalimu kwa taaluma, aliyekuja kuongoza chuo cha ualimu cha Tokyo kwa miaka mingi, na alifikiri kama mtu wa shule: mwanafunzi anahitaji ngazi fupifupi. Ngazi hizo hakuzibuni mwenyewe. Alizichukua kutoka mchezo wa go, ule wa kete nyeusi na nyeupe, ambao wachezaji wake walikuwa wamepangwa kwa madaraja tangu karne ya 17. Ni kana kwamba mtu wa kwetu angeanzisha shule ya mieleka na kuwapanga wanafunzi wake kwa namna tunavyowatofautisha mafundi wa bao. Kutoka kwenye go ndiko zilikotoka dani, yaani madaraja ya juu yanayohesabiwa kwa kupanda, na kyu, yaani madaraja ya wanafunzi yanayohesabiwa kwa kushuka, hivyo kwamba kyu ya kwanza ndiyo inayopakana na dani ya kwanza.

Mwaka 1883 Kanō alitoa dani ya kwanza kwa wanafunzi wake wawili, Saigō Shirō na Tomita Tsunejirō. Wakati huo hapakuwa na mkanda wowote wa kuonyesha jambo hilo. Miaka michache baadaye, yapata 1886, wenye dani walianza kufunga mshipi mweusi ili watambulike ukumbini, na ilikuwa 1907 ndipo jaketi nzito la judo na mkanda wa kitambaa tunaoujua leo vilipochukua umbo lake. Rangi zilikuwa mbili tu. Mweupe alikuwa mwanafunzi ambaye bado anajifunza kuanguka bila kuumia, na mweusi alikuwa mwanafunzi ambaye sasa anaweza kuanza kufundishwa.

Maneno hayo ya mwisho nimeyachagua kwa makusudi, kwa sababu ndiyo yanayopotea kila mkanda mweusi unapotajwa mitaani. Dani ya kwanza kwa Kijapani huitwa shodan, na ile “sho” ya mwanzoni si tarakimu ya kawaida ya “moja”. Ni neno la “mwanzo”. Mwenye mkanda mweupe ni mgeni aliyekaribishwa barazani. Mwenye mkanda mweusi ni yule aliyeambiwa avue viatu, apite ndani, aonyeshwe kazi yenyewe. Sisi huku tumeugeuza kuwa cheo cha aliyemaliza, na filamu za video zilizokuwa zikikodishwa kila mtaa zilitusaidia sana katika kosa hilo.

Hapa pia ndipo pa kuizika hadithi ya uchafu, ambayo naona imemfikia mwanao. Hadithi hiyo husema kwamba hapo kale mwanafunzi alikuwa na mkanda mmoja mweupe asioufua, ukawa wa njano kwa jasho, ukawa wa kijani kwa majani ya uwanjani, ukawa wa kahawia kwa matope, na hatimaye ukawa mweusi kwa miaka. Ni hadithi tamu, na tarehe zinaikataa. Mkanda mweusi ulikuwepo miongo kadhaa kabla ya mkanda wa njano na wa kijani kubuniwa, na uliponunuliwa ulikuwa mweusi tangu siku ya kwanza. Isitoshe, Wajapani ni watu wanaoosha sakafu ya ukumbi kabla ya mazoezi.

Rangi za katikati zilizaliwa Ulaya. Klabu ya Budokwai ya London, iliyoanzishwa 1918, ilikuwa na mikanda ya rangi tayari katika miaka ya 1920, lakini aliyeieneza hasa ni Kawaishi Mikonosuke, mwalimu wa judo aliyefika Paris mwaka 1935. Kawaishi aligundua kwamba Mfaransa mtu mzima, anayekuja ukumbini jioni mara mbili kwa wiki baada ya kazi, hawezi kuvumilia mkanda mweupe kwa miaka mitatu bila kuona dalili ya kusonga mbele. Akampa njano, kisha chungwa, kijani, bluu na kahawia, ndipo aufikie mweusi. Alifanya na jambo jingine linaloonyesha akili ileile: alizipa mbinu namba, mrusho wa mguu wa kwanza, wa pili, wa tatu, ili wanafunzi wasikwame kwenye majina ya Kijapani. Mfaransa wa kwanza kupata mkanda mweusi kwake, Maurice Cottereau, aliupata mwaka 1939. Huko Japani kwenyewe, mtu mzima wa judo bado kwa kawaida hubaki na mkanda mweupe mpaka afikie wa kahawia, na hakuna anayemcheka.

Simlaumu Kawaishi. Nimefundisha watoto miaka mingi na ninajua mkanda mpya unavyoweza kumfanya mtoto aliyekuwa anataka kuacha arudi Jumatatu akiwa wa kwanza mlangoni. Ila ni vizuri kujua kwamba rangi za katikati ziliwekwa ili kutia moyo, na kwamba mwenye kuzipanga ni yule anayetia moyo. Ndiyo maana hazilingani.

Karate nayo ilipokea mfumo huu kwa kuazima. Kisiwani Okinawa, ilikozaliwa, hakukuwa na mikanda ya madaraja. Funakoshi Gichin alihamia Tokyo mwaka 1922 kuonyesha sanaa hiyo, akapokelewa vizuri na Kanō, na tarehe 10 Aprili 1924 akatoa dani ya kwanza kwa wanafunzi wake saba kwa kufuata mtindo wa judo. Shotokan ya mwanao ni ya ukoo huo. Taekwondo ya binamu yake ilipitia njia nyingine ndefu zaidi: Korea ilikuwa chini ya utawala wa Japani kuanzia 1910 hadi 1945, vijana wa Kikorea waliosoma Japani walirudi na karate na mfumo wake wa madaraja, na baada ya uhuru wakaujenga upya kwa Kikorea. Watoto wako wawili, kwa maana hiyo, ni mabinamu hata kwa mikanda yao.

Sasa nije kwenye maana ya kila rangi. Mfumo unaoeleza jambo hili kwa uwazi zaidi ni wa shirikisho la taekwondo lililoanzishwa mwaka 1966 na Jenerali Choi Hong Hi. Humo nyeupe ni mtu asiye na ujuzi wowote uliotangulia. Njano ni ardhi ambamo mbegu inatoa mizizi. Kijani ni mmea unaochipua. Bluu ni mbingu ambazo mti unazielekea. Nyekundu ni hatari, onyo kwa mwenye mkanda ajizuie na kwa mpinzani wake akae mbali. Na nyeusi ni kinyume cha nyeupe, yaani ukomavu, na pia kutoogopa giza. Ni maelezo mazuri na watoto huyashika haraka. Maoni yangu, hata hivyo, ni kwamba rangi zilitangulia na maana zikafuata, kama tunavyomtafutia mtoto maana ya jina baada ya kumwita kwa babu yake. Katika Shotokan hakuna maelezo rasmi ya namna hiyo ambayo klabu zote hufuata, na hata mpangilio wenyewe hubadilika, kwa kuwa klabu moja inaanza na njano na nyingine inaanza na chungwa.

Tazama nyekundu peke yake, utaona ninachosema. Katika taekwondo ni rangi ya mwisho kabla ya nyeusi. Katika baadhi ya klabu za karate ni rangi ya anayeanza. Katika judo, mkanda mwekundu ni wa dani ya 9 na ya 10, na dani ya 10 ni watu 15 tu waliowahi kuipewa na Kodokan tangu ianzishwe. Katika mashindano makubwa ya karate, nyekundu haina uhusiano wowote na daraja: mpinzani mmoja hufunga mkanda mwekundu na mwingine wa bluu ili waamuzi wasiwachanganye, na wakimaliza kila mmoja anarudia mkanda wake. Mwanao akienda siku moja kwenye mashindano akampigia saluti kila mwenye mkanda mwekundu, atakuwa amewasalimia nusu ya washindani.

Turudi kwenye picha yako, kwa sababu ndani yake kuna kitu ambacho barua haikukitaja. Nimeukuza mkanda wa yule binamu na kuutazama vizuri. Si mweusi mtupu. Umegawanyika kwa urefu wake, nusu ni nyeusi na nusu ya chini ni nyekundu, na kwenye fundo ndipo mistari hiyo miwili inaonekana waziwazi. Huo ndio mkanda wa daraja ambalo Wakorea huliita pumu, jina ambalo kwetu ni bahati mbaya linafanana na ugonjwa wa kifua, ila halina uhusiano nao. Makao makuu ya taekwondo ya Kukkiwon mjini Seoul, yanayotoa vyeti vya madaraja ya juu, hayampi dani mtoto ambaye hajatimiza miaka 15. Akifaulu mtihani hupewa pumu, na akifikisha umri ndipo anaweza kuigeuza kuwa dani. Kwa hiyo, kwa hesabu ya wakubwa wake mwenyewe, mtoto huyo wa miaka 9 amefanya kazi nzuri na bado hajapata mkanda mweusi. Naomba hili usilitumie kumvunjia heshima. Liseme kwa upole, na ikiwezekana mwache aeleze mwenyewe kwa nini mkanda wake una rangi mbili. Huenda mwalimu wake alishamweleza na yeye akanyamaza kwa sababu wageni walikuwa wakishangilia.

Na mkanda wa chungwa wa mwanao unasema nini? Hapa niruhusu nikuonyeshe mtihani kwa karibu. Mwanafunzi wa Shotokan hupewa kwanza kata iitwayo Heian Shodan, mfululizo wa hatua 21. Hatua ya kwanza ni kugeuka kushoto na kuzuia chini kwa mkono, ya pili ni kusonga mbele hatua moja na kupiga ngumi. Mtu asiyejua akiwatazama watoto wawili wakifanya hatua hizo mbili ataona kitu kilekile. Mtahini haangalii ngumi. Anaangalia kisigino cha mguu wa nyuma kama kimenyanyuka, kwa sababu kikinyanyuka ngumi haina ardhi ya kuegemea. Anaangalia nyonga kama imezunguka kabla ya mkono au baada yake. Anaangalia ule mkono mwingine, usiopiga, kama umerudishwa mpaka kiunoni au umesahauliwa hewani. Mtoto wa mtihani wa kwanza anaruhusiwa kukosea mawili kati ya hayo. Wa mtihani wa tatu haruhusiwi. Halafu kata zinaongezeka, kuna Heian tano, kisha Tekki Shodan, na karibu na mkanda wa kahawia huingia Bassai Dai, ambayo ni ndefu na inachosha, na kila mara kisigino kinaulizwa tena. Kutoka mkanda mweupe hadi dani ya kwanza, mtu mzima mwenye bidii hutumia kwa kawaida miaka mitatu au minne, na mtoto huhitaji zaidi. Kwa miezi 16, chungwa ni mahali pake hasa.

Ukitaka kuona jinsi kasi inavyoweza kutofautiana kati ya nyumba na nyumba, chukua jujutsu ya Brazili. Mtu mzima hupita nyeupe, bluu, zambarau na kahawia kabla ya nyeusi, rangi tano tu, lakini wengi hutumia miaka kama 10 kuzimaliza. Shirikisho lao kubwa la kimataifa, IBJJF, halimpi mtu bluu kabla ya mwaka anaotimiza miaka 16, wala nyeusi kabla ya 19. Watoto wana rangi zao wenyewe, kijivu, njano, chungwa na kijani, ambazo hazivuki kwenda kwa wakubwa. Katika kendo, mchezo wa upanga wa mianzi, kuna dani lakini hakuna mkanda wa kuonyesha chochote. Anayetaka kufanya mtihani wa dani ya 8 lazima awe na miaka 46 na awe amekaa miaka 10 baada ya dani ya 7, na wanaofaulu ni kama mtu mmoja katika kila 100. Akifaulu, anavaa nguo zilezile alizovaa jana.

Usidhani pia kwamba kipimo cha nyumba, kwa kuwa ni cha nyumba, basi ni cha haki kila wakati. Fukuda Keiko, mwanafunzi wa Kanō mwenyewe, aliyezaliwa 1913, alikaa kwenye dani ya 5 kwa takriban miaka 20, si kwa kukosa ujuzi bali kwa sababu alikuwa mwanamke na utaratibu wa wakati ule haukuwa na mwanamke juu ya daraja hilo. Aliipata dani ya 6 mwaka 1972. Kodokan ilimpa dani ya 9 mwaka 2006, akawa mwanamke wa kwanza kupewa mkanda mwekundu na shule hiyo. Mwaka 2011 chama cha judo cha Marekani, alikokuwa akiishi na kufundisha, kikampa dani ya 10. Alifariki mwaka 2013, akiwa na miaka 99. Mwili uleule, mbinu zilezile, na Tokyo ilimhesabu 9 huku Marekani ikimhesabu 10.

Hofu yako kuhusu ada ina msingi, ingawa kwa mwanao naona dalili za kinyume chake. Mwalimu mwenye tamaa ya ada hamzuii mwanafunzi. Humpandisha haraka, kwa sababu kila mtihani una malipo yake, na kila rangi mpya ni mkanda mpya wa kuuza. Niliwahi kualikwa kusaidia kutahini katika klabu moja ambayo sitaitaja. Nilifika mapema, nikakuta mezani vyeti vimepangwa kwa mpangilio wa alfabeti, majina na madaraja yakiwa yameshajazwa kwa kalamu ya wino, na mtihani ulikuwa haujaanza. Nilikaa, nikaandika alama zangu kwa uaminifu, na hakuna aliyeziomba. Watoto wale hawakuwa na kosa lolote, na wengine walikuwa wazuri kwelikweli, lakini mkanda waliovalishwa mchana ule haukusema lolote juu yao.

Kitu kinachowezesha mambo ya namna hiyo ni kwamba karibu kila mahali duniani hakuna anayelinda neno “dani”. Mkanda mweusi unauzwa dukani kama mshipi wa suruali. Ufaransa ni tofauti, na nadhani ni kwa sababu ya urithi wa Kawaishi: huko sheria ya michezo inakataza mtu kujitangazia dani ambayo haikutolewa na tume inayotambuliwa ya sanaa husika. Kwingineko mzazi ndiye tume. Mwulize mwalimu wa mwanao, kwa heshima na si mbele ya wanafunzi, yeye alipewa daraja lake na nani na lini, na cheti chake kinatambuliwa na chama kipi cha nje ya klabu. Mwombe akuonyeshe mtaala wa mtihani unaofuata, kwa maandishi. Kisha mwulize kama kuna mtoto aliyewahi kushindwa mtihani kwake. Jibu la swali hilo la mwisho ndilo mimi ningelisikiliza kwa makini kuliko mengine yote, kwa sababu mtihani usioangusha mtu ni sherehe tu, na sherehe zina ada pia.

Suala la polisi ni fupi. Uvumi kwamba mwenye mkanda mweusi huandikisha mikono yake kama silaha, na kwamba lazima amwonye adui mara tatu kabla ya kupiga, ni uvumi. Polisi hawana daftari la mikono. Mahali ambapo sheria ya kuwaandikisha mabingwa wa karate na judo imewahi kutungwa kweli ni kisiwa cha Guam, eneo la Marekani lililoko Bahari ya Pasifiki, na sidhani kama mwanao anapanga kuhamia huko. Lililo kweli ni kwamba mtu aliyefunzwa kupiga, akimjeruhi mwenzake ugomvini, mafunzo yake yanaweza kutajwa mahakamani wakati wa kupima kama nguvu alizotumia zilikuwa za lazima. Na hapo hataulizwa rangi ya mkanda.

Nimebakiza kufua. Mkanda wa rangi utoe kwenye nguo nyingine, hasa mbali na jaketi jeupe, kwa sababu rangi yake huchuja mara za mwanzo na jaketi likishashika chungwa halirudi tena kuwa jeupe. Tumia maji baridi na sabuni kidogo, usiukamue kwa kuusokota maana utapinda na fundo halitakaa sawa, uanike kivulini ukiwa umenyooka. Mwanao akisisitiza kwamba maarifa yametoka na maji, mwombe akufanyie Heian Shodan pale pale uani, mkanda ukiwa bado kwenye kamba unadondosha maji, nawe utazame kisigino cha nyuma.